Pampu Isiyo na Hatia

Katika gereji nyingi za kwetu, tangu Gerezani ya Dar es Salaam hadi vichochoro vya Grogan mjini Nairobi, imejengeka itikadi moja ambayo mafundi huwarithisha wanagenzi wao na wenye magari huikariri pasipo kuihoji: kwamba gari lililokuwa likienda vizuri, kisha injini yake ikazima ghafla njiani bila ya kutoa mlio wala moshi, dawa yake ni kubadilishiwa kifaa, na kifaa cha kwanza kubadilishwa ni pampu ya mafuta, likizima tena, hubadilishwa koili, likizima tena, plagi pamoja na nyaya zake, na hatimaye, wakati mwenye gari amekwisha kuingia katika madeni, hutamkwa kwamba kompyuta ndiyo mbovu, au kwamba gari lenyewe lina nuhusi na afadhali liuzwe kabla halijamfilisi. Itikadi hiyo ina watetezi wengi, na miongoni mwao wamo watu wenye mikono ya ustadi ambao mimi nawaheshimu kwa kazi zao nyingine. Pamoja na heshima hiyo nasema jahara kwamba itikadi yenyewe ni batili: ni batili kwa elimu ya injini, ni batili kwa hesabu ya fedha, na, kama kisa kimoja kilichothibitishwa huko Marekani kitakavyoonyesha, imekwisha kuwa sababu ya kifo.

Injini ya petroli, iwe ya gari dogo la kwendea kazini au ya basi la abiria, haidai mambo mengi ili iendelee kufanya kazi: yadai hewa, yadai mafuta yaliyopimwa kwa kiasi chake, yadai cheche katika plagi kwa wakati wake, na yadai mgandamizo ndani ya silinda, na katika magari ya miongo hii ya karibuni, kompyuta ndiyo inayoamrisha mafuta na cheche kwa kutegemea habari iletewayo na sensa mbalimbali, iliyo kubwa kwa daraja ikiwa ile ya krenki, ambayo huiarifu kwamba injini inazunguka na kwamba imefika mahali gani katika mzunguko wake. Ikikosekana moja katika nguzo hizo, injini husita. Lakini haisiti kwa namna moja, na namna ya kusita kwake ndiyo ushahidi wa kwanza, ambao kwa bahati mbaya ndio hutupwa wa kwanza. Injini iliyokosa mafuta aghalabu haikatiki papo hapo: hupungukiwa nguvu, hutetema, hukohoa, na gari husukasuka, hasa likiwa linapanda mlima kama ule wa Kitonga ambako mzigo ni mkubwa na mafuta yatakiwayo ni mengi, kisha ndipo hunyamaza. Injini iliyokosa umeme hunyamaza mara moja, baina ya neno moja na la pili katika mazungumzo ya abiria, pasipo kutanguliza onyo lolote. Ama ile inayozima wakati tu dereva anapoachia pedeli ya mafuta na gari likakaribia kusimama, hiyo ina maradhi mengine kabisa, ambayo mara nyingi hukaa katika njia ya hewa: uchafu katika mlango wa kuingilia hewa, au vali inayoongoza mwendo wa chini wa injini, au mpira wa hewa uliopasuka. Mtu anayeyaweka matatu haya katika kapu moja, akayaita yote "gari linazima", amekwisha kupoteza njia kabla ya kushika spana.

Fauka ya hayo, dashibodi nayo husema, kwa yule atakayeitazama. Iwapo katika dakika ya kuzima taa zote zimepotea, redio imekatika na hata taa za dharura hazijibu, basi hapana haja ya kulifikiria tangi la mafuta hata kidogo: jambo liko katika vichwa vya betri, au waya wa ethi, au fyuzi kubwa. Ikiwa taa za dharura zawaka lakini dashibodi imekufa, swichi ya ufunguo ndiyo ya kutiliwa shaka mwanzo. Iwapo taa nyekundu za betri na oili zimewaka kama ziwakavyo injini inaposimama na ufunguo ukiwa mahali pake, umeme umefika hapo, na uchunguzi usogee mbele. Kisha uko mshale unaoonyesha mizunguko ya injini, shahidi mkubwa ambaye hakuna amwitaye. Katika gari la gia za mkono, maadamu gia iko ndani na dereva hajakanyaga klachi, magurudumu huendelea kuizungusha injini hata baada ya kuzima. Kwa hiyo mshale ukianguka mpaka sifuri kwa ghafla ilhali gari bado linakwenda kasi, ni dalili kwamba habari ya krenki imekatika au umeme wa mfumo wa cheche umepotea. Na ukishuka polepole, sawasawa na mwendo wa gari, ni dalili kwamba habari hiyo ingali ikifika, na macho yaelekee kwenye mafuta. Sisemi kwamba dalili hii ni hukumu, kwa kuwa magari hayakuundwa sawa na katika lile la otomatiki haifai kwa kiasi hicho. Nasema ni ushahidi, tena ushahidi usiopatikana mara ya pili gari likisha kusimama.

Kutokana na hayo, shahidi wa kwanza katika shauri hili ni dereva, na kazi ya kwanza ya fundi ni kumhoji kwa utulivu kama kadhi anavyomhoji mtu aliyekuwapo: ilikata ghafla au ilikohoa? Gari lilikuwa limekwenda mwendo gani, na injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Mvua ilikuwa ikinyesha? Liligonga shimo kabla ya kuzima? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Liliwaka tena papo hapo, au baada ya kupoa? Na kuna kitu gani kilichofungwa ndani ya gari katika miezi ya karibuni? Swali hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu huku kwetu lina uzito wa pekee. Magari yetu yamefungwa vingi visivyotoka kiwandani: vifaa vya kuzuia wizi vinavyokata umeme wa pampu au wa cheche, vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti, na katika matatu za Kenya vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa vilivyolazimishwa tangu kanuni za Waziri Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004. Si vifaa hivyo ninavyovilaumu. Lawama yangu ni kwa namna vinavyofungwa: waya wa asili hukatwa, ncha husokotwa kwa vidole, zikafunikwa kwa utepe mweusi, na baada ya mwaka mmoja wa joto na mitikisiko utepe hulegea, shaba hugeuka kijani, na kiungo huanza kuachia mara moja moja. Pampu ngapi zimetupwa kwa kosa la kiungo kama hicho!

Sasa nije kwa pampu yenyewe, maana hapa ndipo itikadi ninayoipinga ilipojificha, na ndipo ilipo na sura ya kweli. Fundi hulikuta gari limezima, hulegeza bomba la mafuta karibu na nozeli, huamuru stata ipigwe, na haoni mafuta kutoka. Hapo huinuka na kusema, "Bosi, pampu imekufa." Alichokiona ni kweli, alichokitamka ni dhana. Kwa maana katika magari mengi ya mfumo wa nozeli, pampu haijiendeshi yenyewe: hupewa umeme kwa njia ya rilei, na rilei hiyo huamrishwa na kompyuta, na kompyuta haitoi amri hiyo mpaka ipate habari kwamba injini inazunguka. Mpango huo uliwekwa kwa hekima, ili gari likigongana au kupinduka na injini ikasimama, pampu isiendelee kumimina petroli mahali ambapo huenda moto ukawaka. Matokeo yake ni haya: sensa ya krenki ikinyamaza, kompyuta huamini kwamba injini imesimama, hukata cheche, hukata nozeli, na huinyima pampu umeme. Fundi anayetazama bomba peke yake huona mafuta hayaji, akaihukumu pampu iliyo nzima, iliyokaa kimya kwa kuwa haikuamrishwa kusema.

Liko jambo jingine, na hili yafaa walijue wale wanaoishi na magari ya Toyota, ambayo katika barabara zetu ndiyo mengi kuliko yote. Imeenea kauli kwamba ukifungua ufunguo bila kupiga stata ni lazima usikie pampu ikiunguruma kwa muda mfupi nyuma ya gari, na usipoisikia basi imeharibika. Kauli hiyo ni sahihi kwa magari kadha wa kadha, lakini katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 pampu haiungurumi abadan kwa kufungua ufunguo peke yake. Husubiri stata ipigwe. Hivyo basi gari zima, lililoletwa kwa ajili ya waya uliolegea, hupimwa kwa kipimo kisicho chake, hupatikana na hatia, na tangi lake hushushwa. Na ya kusikitisha zaidi ni kwamba watengenezaji wa magari hayo hayo waliweka chini ya boneti kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake matundu yenye alama, mawili kati yake yakiwa FP na +B. Ukiyaunganisha hayo mawili kwa kipande cha waya na ufunguo ukiwa umefunguliwa, umeme huenda moja kwa moja kwenye pampu bila kuingoja kompyuta. Pampu ikiunguruma hapo na mafuta yakaja kwa nguvu, umeshajua kwa yakini kwamba hatia iko kwingine. Kazi hiyo haichukui hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa, wala haihitaji mashine. Nimestaajabu mara nyingi kuona kisanduku hicho kimejaa vumbi ambalo halijaguswa tangu gari liliposhuka bandarini.

Watetezi wa kubadilisha-badilisha hujibu kwamba, haidhuru nadharia isemeje, wao wamebadilisha pampu na magari yakapona. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote machoni pa watu, na ndiyo dhaifu kuliko zote ikichunguzwa, kwa sababu kasoro ya kuzima ghafla ina tabia ya kuondoka yenyewe. Chukua sensa ya krenki ya aina ile ya sumaku na koili: ndani yake mna waya wa shaba mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi, na waya huo ukipata ufa, shaba na plastiki iliyoushika hutanuka kwa joto kwa viwango visivyolingana, ufa ukaachana, na injini ikazima, gari likikaa nusu saa kando ya barabara, joto hushuka, ncha hukutana tena, na injini huwaka kana kwamba hapana lililotokea. Hali ni hiyo hiyo kwa koili za cheche, kwa vifaa vya elektroniki vilivyo karibu na injini, na kwa rilei ambazo lehemu yake imepata nyufa, kama zile za Honda za zamani zilizojulikana kwa kuligomesha gari lililoegeshwa juani. Sasa, gari limezima saa sita mchana, limevutwa kwa kamba hadi gereji, limepoa, limebadilishiwa pampu, na jioni limewaka. Nani aliyeliponya, fundi au upepo wa jioni? Na ikiwa kasoro ile hutokea mara moja kwa majuma mawili, siku tatu za usalama zathibitisha nini? Mtu anayetaka kudai kwamba amepata sababu hana budi kuonyesha mambo mawili: kwamba kasoro hutokea anapoileta sababu hiyo, na kwamba huondoka anapoiondoa. Kwa sensa hiyo, jambo ni jepesi: ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele huku mita ikipima ukinzani wake, na ikiwa kipimo cha mamia ya omu kinaruka ghafla na kuonyesha kwamba njia imekatika, kisha kinarejea kwa maji baridi, hapo tuna burhani. Nje ya hapo tuna hadithi.

Ama wale wanaosingizia mafuta yaliyochakachuliwa, sitakaa nao sana. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni uovu wa kweli, na serikali zetu hazikulala: Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia mafuta kemikali ya kuyatambulisha, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya uchakachuaji. Lakini petroli iliyotiwa mafuta ya taa huifanya injini igonge, iwe nzito kuwaka, itoe moshi na ipoteze nguvu. Haiikati injini iliyokuwa ikienda vizuri kwa tangi lile lile tangu asubuhi, kisha ikaiacha iwake tena baada ya nusu saa. Maji ndani ya mafuta yaweza kuzimisha, nayo huonekana kwa macho ukikinga mafuta katika chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Apimaye na apime. Asiyepima asiwasingizie wauza mafuta dhambi isiyo yao, ilhali wanazo zao.

Limeingia kundi jipya, la vijana wenye mashine za kuskani, ambao huwacheka wazee kwa kubahatisha, kisha nao hubahatisha kwa lugha ya tarakimu. Mashine husoma namba, mathalan P0335, kijana hutafuta maana yake katika simu, huona imetajwa sensa ya krenki, na dukani huagizwa sensa. Lau angeisoma maana yote, angeona kwamba namba hiyo haisemi sensa imekufa. Yasema kuna kasoro katika sakiti ya sensa, na sakiti ina waya mbili au tatu, ina kiungo kinachoweza kuingia oili na maji, ina meno ya gia ambayo sensa huyasoma na ambayo yaweza kuwa yamevunjika au kujaa chembe za chuma, na mwisho wake ina kompyuta. Mashine imetaja mtaa, haikutaja nyumba. Tena katika magari mengi, pamoja na namba hiyo huhifadhiwa hali ya injini ilivyokuwa wakati kasoro ilipotokea, yaani joto lake, mwendo wa gari na mizunguko, habari yenye thamani kuliko namba yenyewe. Na hiyo ndiyo hufutwa kwa haraka ili taa ya injini izimike na mteja afurahi. Kufuta kumbukumbu kabla ya kuinakili ni kumfukuza shahidi mahakamani kabla hajafungua kinywa, na ningependa kila mwenye gari akatae jambo hilo lisifanywe mbele yake.

Nimeahidi kisa cha Marekani, nacho nakieleza kwa urefu kwa kuwa hakikutokea katika banda la mabati ambako watu husingizia umaskini; kilitokea kwa kampuni ya General Motors, yenye wahandisi kwa maelfu na maabara zisizo na hesabu. Mwezi Machi 2010, katika jimbo la Georgia, gari aina ya Chevrolet Cobalt la mwaka 2005 lilimzimikia muuguzi mmoja akiwa barabarani. Alifanya lililo sahihi: alilipeleka kwa wakala wa kampuni akaeleza lililotokea. Walichomfanyia ni kusafisha mfumo wa mafuta, kisha wakamrudishia gari lake. Siku chache tu baada ya kuzima kwa mara ile ya kwanza, gari liliacha njia yake, likagongwa na jingine, naye akafa. Mafuta hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika swichi ya ufunguo, ambayo springi yake ya ndani ilikuwa dhaifu mno hata ufunguo, kwa uzito wa shada lake au kwa kuguswa na goti, uliweza kurudi nyuma kutoka mahali pa injini hadi mahali pa redio. Na hapo injini ilizima, usukani ulikuwa mzito, na mifuko ya hewa iliyowekwa kuokoa maisha haikufunguka.

Na nani alilifumbua fumbo hilo? Mhandisi aliyeajiriwa na upande wa familia ya marehemu alinunua swichi mpya dukani, yenye namba ile ile ya kiwanda, akailinganisha na ile ya gari lililopata ajali, akakuta kwamba kijiti na springi ya ile mpya vilikuwa virefu zaidi. Swichi ilikuwa imerekebishwa kimyakimya miaka kadhaa nyuma, namba yake ikaachwa bila kubadilishwa, hata wote waliozichunguza ajali kwa kutazama namba wasione tofauti. Mhandisi huyo hakuwa na elimu ambayo wahandisi wa kampuni hawakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kipimo mkononi na nia ya kukitumia. Miaka mitatu kabla ya kifo hicho, mwaka 2007, askari wa barabarani wa jimbo la Wisconsin alikuwa amekwisha kuandika katika ripoti ya ajali nyingine kwamba swichi yaonekana ilikuwa mahali pa redio gari lilipogonga miti, na kwamba mifuko ya hewa haikufunguka. Askari yule alitazama ufunguo ulikuwa wapi. Ilhali ndani ya kampuni, kama uchunguzi wa wakili Anton Valukas ulivyobainisha mwezi Juni 2014, kuzima kwa gari njiani kulihesabiwa kwa miaka mingi kuwa usumbufu kwa mteja, jambo la raha na si la usalama. Magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa yarudi kufanyiwa matengenezo mwaka huo, na mfuko wa fidia ulioundwa ulikubali madai ya vifo 124.

Najua nitakavyojibiwa: kwamba hiyo ni Marekani, na kwamba huku kwetu mteja hana fedha za kulipia saa za uchunguzi wakati kifaa cha mtumba kutoka Japani chapatikana kwa bei nafuu. Hoja ya umaskini siidharau, lakini naipindua juu chini: ni mwenye fedha kidogo ndiye asiyemudu kubahatisha. Ziko njia za kupimia ambazo gharama yake ni taa mbili ndogo za volti 12 na mita chache za waya. Taa moja huunganishwa na waya unaopeleka umeme kwenye pampu, ya pili na waya unaolisha koili, zote mbili zikaletwa mbele ya dereva, kisha gari likaendeshwa na fundi katika barabara isiyo na watu wengi mpaka litakapozima, gia ikiwa ndani. Ikiwa zote zimepotea pamoja, tafuta swichi, rilei kuu au ethi. Ikiwa ya koili yawaka na ya pampu imepotea, fuata rilei ya pampu na amri inayoiendesha, pamoja na sensa ya krenki, na mshale wa mizunguko utakuambia uanze na kipi. Ikiwa zote zawaka na injini imenyamaza, hapo ndipo pampu, chujio na koili vyenyewe vinapostahili kutiliwa shaka. Na kabla ya hata taa hizo, fungua kifuniko cha tangi mara gari linapozima: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likawaka bila taabu, njia ya hewa ya tangi imeziba, na matengenezo yake huenda yakagharimu sabuni na kitambaa.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba pampu hufa. Mwaka 2020 Toyota yenyewe iliyaita magari mamilioni duniani kwa kuwa pampu zilizotengenezwa na Denso zilikuwa na pangaboi la plastiki lililoweza kuvimba, likakwaruza mwili wa pampu, na gari likazima njiani. Kwa hiyo fundi mzoefu asemaye kwamba magari ya aina fulani yana maradhi fulani hasemi upuuzi. Uzoefu wake humwonyesha pa kuanzia kupima. Ninachokikataa ni uzoefu huo kupewa daraja ya kupima kwenyewe, mtu akatoa hukumu kwa sababu gari la jana lilikuwa hivyo, ilhali la leo limeletwa na dereva ambaye hakuulizwa hata swali moja.

Wala sehemu kubwa ya lawama si ya fundi. Mwenye gari hukubali kulipa bei ya pampu, kwa kuwa pampu yashikika mkononi, na ile kuukuu hutiwa katika mfuko akaenda nayo nyumbani kama thibitisho. Lakini fundi akimwambia kwamba ametumia saa tatu kufuata waya mmoja, ameukuta umelika karibu na kiungo, ameutia lehemu na kazi imekwisha, mwenye gari huyo huyo hunung'unika, huona ameibiwa, na huwasimulia wenzake kwamba fundi fulani adai fedha kwa kutofunga chochote. Maadamu tunalipia vyuma na kuinyima akili ujira wake, mafundi watatuuzia vyuma, na wale wachache wanaopenda kupima watashindwa kulisha watoto wao kwa kazi hiyo. Natoa rai kwamba uchunguzi uwe na bei yake, ikubaliwe kabla ya boneti kufunguliwa, ilipwe hata kama hapana kifaa kilichobadilishwa. Na fundi kwa upande wake aandike katika karatasi alichokipima, gari likiwa katika hali gani, na alipata kipimo gani, ili anayefuata asianze upya. Na mwenye gari, kabla tangi halijashushwa, aulize swali moja tu: injini ilipozima, umeme ulikuwa ukifika kwenye pampu au haukufika? Kama jibu halijapatikana, tangi lisiguswe siku hiyo. Zifungwe zile taa mbili, na gari liendeshwe mpaka lizime.